Mkebe wa Vitu vya Watu

Ujumbe ulifika asubuhi tukiwa bado hatujamaliza chai. Baba mkubwa alikuwa anatuita uani kwake saa nne, mama na mimi, na mimi nije na mkebe. Aliyeleta ujumbe alikuwa ndugu yetu mmoja mtu mzima, ambaye siku nyingine hapiti kwetu bila kukaa na kulalamikia bei ya kahawa. Siku hiyo alisimama mlangoni. Mama alimsogezea kikombe, akasema ameshiba. Kwetu Mwika mtu akikataa kunywa kwako, hana haja ya kueleza mengine.

"Mkebe gani?" mama aliuliza.

"Mwalimu anaujua."

Mwalimu ndiye mimi. Zilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, Kampala, nikiwa na shahada moja, suti moja na maoni kuhusu kila kitu. Nilifundisha Moshi mjini, na wakati wa likizo nilipanda nyumbani kwa mama, mjane, ambaye mimi ndiye mtoto wake pekee. Mjumbe alipoondoka mama alimwaga chai ya kile kikombe kwenye shina la mgomba, akaenda kutafuta kanga yake ya kanisani.

Tulijua wote wawili kwamba baba mkubwa ana matatizo. Hatukujua yamefikaje kwetu. Alikuwa kaka yake marehemu baba, na nyumbani kwake kulikuwa na mzazi. Mke wa mwanawe wa mwisho alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi yuko ndani, miezi mitatu bila kutoka, analishwa mafuta, damu na ndizi za maziwa mpaka ang'ae. Badala ya kung'aa, wiki ya nne akashikwa na homa. Titi moja likavimba, maziwa yakakatika, na mtoto akawa analia kutwa kucha. Tulimsikia kutoka kwetu, maana kati ya kihamba chao, shamba la migomba lenye nyumba, na chetu ulikuwepo mstari tu wa masale, majani ya kuwekea mpaka. Na nyumba inayouguza mzazi na mtoto kwa pamoja haichelewi kuanza kutazama majirani.

Sasa inabidi nieleze mkebe, ingawa hata leo, nikiwa na mvi, naona haya. Ulikuwa mkebe wa biskuti za Kizungu wenye picha ya farasi wakivuta gari, na ndani yake nilikuwa nakusanya vitu vidogo ambavyo watu wengine wamevitumia. Nilivipata Kiboriloni siku za soko, kule mwisho, baada ya wauza ndizi na wauza magadi, ambako watu hutandika gunia na kuuza kilichobaki baada ya kuhama, kufiwa au kufilisika. Vitu vipya havikunigusa. Duka la Mhindi lingeweza kunipangia vijiko mia vinavyong'aa nisisimame hata kwa kimoja. Lakini kijiko kilicholika upande mmoja tu kilinikamata miguu. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekwangua uji kwenye sufuria hiyohiyo kwa mkono uleule miaka na miaka, akakiachia chuma umbo la kiganja chake. Nilikuwa nasema kwamba kitu kilichotumika ni barua ambayo mwandishi wake hakujua anaiandika. Niliitunga sentensi hiyo mwenyewe, nikaipenda, nikaikariri mbele ya walimu wenzangu mara nyingi kuliko walivyohitaji.

Wauzaji walinitambua mapema. Waliniita Bwana Makorokoro.

"Bwana Makorokoro, njoo hapa! Ufunguo huu ni wa nyumba iliyoungua."

"Acha huo, Bwana Makorokoro, nyumba haikuungua. Njoo uone kifungo cha marehemu."

Walikuwa wamegundua kwamba bei kwangu haipimwi kwa kitu bali kwa hadithi yake, na hadithi hazijawahi kuadimika Kiboriloni.

Mume wa yule mzazi naye alikuwa amegundua. Yeye na mimi tulikuwa rika moja, tulikata majani ya ng'ombe pamoja tangu tukiwa wadogo. Siku moja alinikuta sokoni, pumzi yake ikinuka mbege, pombe yetu ya ndizi, akatoa mfukoni kitana cha pembe chenye maua yaliyochongwa mpini mzima. Alisema kilichongwa na babu wa mkewe, bibi akakitumia mpaka alipomrithisha mjukuu wake siku ya harusi. Meno matatu yalikuwa yamevunjika. Aliniuzia kwa shilingi mbili, akasema atakikomboa mwisho wa mwezi. Katikati ya meno yaliyobaki zilikuwa zimekwama nywele kadhaa. Mtu mwenye akili angezitoa. Mimi niliziacha, nikijiambia kwamba ndizo zinazokifanya kiwe kitana cha mtu, kisiwe pembe tupu.

Siku mbili kabla ya ujumbe ule, masika yakiwa yametupumzisha kidogo, niliona vitu vyangu vinaota ukungu. Nikavianika uani juu ya jani la mgomba. Mke wa baba mkubwa akaja kuomba chumvi. Mama alipokuwa ndani akimpimia, mama mkubwa aliinama juu ya lile jani, akatazama kwa muda mrefu, kitu kimoja baada ya kingine. Nilifurahi. Katika ukoo mzima huyo alikuwa wa kwanza kuvitazama vitu vyangu kwa makini. Kisha akaondoka, na chumvi akaisahau.

Kwa hiyo asubuhi ile, mama akiwa anavaa, nilijua mama mkubwa alichokiona na nilijua mwenye kitu hicho ni nani. Nilishuka mfongoni, kwenye mfereji wa maji, kunawa uso, na kabla sijainuka kutoka majini yule mume akatokea kwenye mibuni. Inaonekana alikuwa ananisubiri hapo tangu alfajiri; suruali yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini.

"Kaka, kile kitu bado kimo mkebeni?"

"Kimo."

"Kitupe."

"Mama yako ameshakiona. Nikikitupa ndiyo nimejifunga kamba."

Alichuchumaa ukingoni. "Basi sema umekiokota. Sema njia ya sokoni. Kaka, mzee alinipa hela za mafuta ya mzazi, nikazinywa. Nikauza kitana ili ninunue hayo mafuta."

"Ukanunua?"

"Nusu." Alitazama maji. "Akijua, kihamba nilichoahidiwa anampa mwingine. Ananitafutia sababu tu. Niahidi hutanitaja."

Nikaahidi. Natamani niseme ni kwa ajili ya urafiki, lakini ukweli ni kwamba sikuliona jambo lenyewe kuwa zito. Nilikuwa nimesoma mantiki. Nilidhani nitaingia katika ua ule, nitaeleza kwa utaratibu tofauti kati ya ukumbusho na uchawi, watu watacheka, na tutarudi kula.

Uani kulikuwa na wazee watatu wa ukoo juu ya vigoda, na baba mkubwa katikati. Mume wa mgonjwa alikuwa amesimama nyuma yao, ameegemea nguzo ya zizi. Mama alionyeshwa pa kukaa, chini, kwenye majani makavu ya mgomba. Mtoto alikuwa analia ndani ya nyumba, kilio kilichokwisha nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungua."

Nilifungua, na mzee mmoja mwenye jicho moja akaanza kutoa vitu kwa ncha ya fimbo na kuviweka juu ya jani la mgomba, hakutaka kuvishika. Kwanza ikatoka miwani ya kioo kimoja.

"Ya nani?"

"Ya karani mmoja wa reli. Nilinunua."

"Yuko wapi sasa?"

"Alishafariki."

Fimbo ikatoa kifungo cha shaba.

"Hicho ni cha koti la askari," nilisema. "Alikwenda vitani Burma."

"Akarudi?"

"Hakurudi. Koti ndilo lililorudi."

Mzee wa jicho moja akaingiza fimbo tena, na safari hii akarudi nyuma na kigoda chake. Juu ya jani kulikuwa na meno ya bandia, ya juu, kamili, mekundu kwenye ufizi.

"Na haya?"

"Ya Mgiriki mmoja mwenye shamba. Ni meno ya kutengenezwa, mzee. Si meno ya kweli."

"Mgiriki yuko wapi?"

"Naye alifariki."

"Mae!" alisema mama mkubwa kutoka mlangoni.

Nikaona ni wakati wa kueleza. Nilisema kwamba vitu hivi ni kumbukumbu, kwamba mtu akikaa na kitu muda mrefu anaacha kitu chake ndani ya kile kitu. Nilisikia maneno yangu yakitoka, na nilipofika katikati nikaelewa kwamba ninachokisema ndicho hasa wanachonishtaki. Mchawi naye hataki kitu kipya. Naye anataka kilicholika kwa kiganja cha mtu, chenye jasho lake, na ikiwezekana nywele. Chuoni hakuna aliyenionya kwamba mimi na yeye tunanunua soko moja.

"Umesema vizuri," alisema mzee wa jicho moja. "Kwa hiyo hivi vyote ni vya wafu."

"Si vyote."

"Cha aliye hai ni kipi?"

Hakusubiri jibu. Alikipindua kile kitana kwa fimbo, nywele zikaonekana kwenye jua.

Hakuna aliyepaza sauti. Ningeliona afadhali kama wangepaza. Nilitazama chini, kisha nikamwibia jicho yule mume pale zizini. Yeye alikuwa anatazama kwato za ng'ombe.

"Mwalimu simlaumu," alisema mzee mwingine taratibu. "Kijana aliyesoma haendi kutafuta nywele za mzazi kwa akili yake. Anatumwa."

Wote wakamgeukia mama.

Baba mkubwa alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionitia baridi. "Mama Mwalimu, mdogo wangu alipokufa alikuacha kwenye kihamba cha ukoo. Wengine walisema urudi kwenu. Mimi nilikataa. Lakini mwenye kushika nywele za mzazi wa nyumba yangu hawezi kulala mpakani kwangu. Kama ni wewe, leo hii ufungashe."

Nimeishi miaka mingi nikitaka kusema alikuwa mwongo, nikashindwa. Kile kipande chetu cha chini, chenye mibuni mizuri, alikuwa akikitazama tangu siku ya mazishi ya baba; kila mtu alijua. Lakini mjukuu wake alikuwa anakufa ndani ya nyumba yake. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila hofu na tamaa vilikuwa vimeshika njia moja, na mwisho wa njia hiyo ulikuwa mlango wa mama.

Mama alisema, "Mkebe huo sijawahi kuushika. Nilijua una takataka za mwanangu, basi."

"Uko tayari kunywa kiapo?" aliuliza baba mkubwa.

"Kiletwe."

Kiapo cha ukoo wetu kilikuwa mbege ndani ya kata, ikitiwa majivu ya jiko la nyumba inayoshtaki. Anayeshtakiwa akinywa na ana hatia, yeye na uzao wake hawamalizi mwaka. Padri alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba atakayekunywa asikanyage kwenye komunyo, na mama hakuwa amekosa komunyo hata Jumapili moja tangu nipate fahamu. Akikataa kunywa, anapoteza kihamba. Akinywa, anapoteza kanisa, na kijiji kizima kitakaa mwaka mzima kikimhesabia kila anapokohoa.

"Kitana nilikinunua," nilisema.

"Kwa nani?" aliuliza baba mkubwa.

"Sokoni. Kiboriloni."

"Soko haliuzi. Watu ndio wanauza. Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu!" Mzee wa jicho moja alicheka kwa pua. "Amekula fedha ya kahawa ya ukoo miaka kumi na sita, kalamu, daftari, viatu, anakuja kujibu 'mtu'."

Nilikuwa natafuta sentensi. Nakumbuka vizuri kabisa. Nilitaka sentensi ambayo itamtoa mama bila kumtaja niliyemwahidi. Sentensi ya kweli lakini isiyo na jina. Na kwa kuwa nilijiona hodari wa sentensi, niliamini ipo na nitaipata sasa hivi. Mbele yangu mzee wa tatu alikuwa anakoroga majivu kwa ubua.

Mama akaanza kusimama. Aliweka mkono kwenye goti la kulia, akapumzika. Akauweka kwenye goti la kushoto, akapumzika. Akainuka, akafungua kanga akaifunga upya, akapangusa majani makavu yaliyoshika kwenye nguo, moja moja. Nikafikiri: jinsi mama alivyozeeka. Kisha akapokea kata kwa mikono miwili.

Mzee alisema maneno ya kiapo akimtazama usoni. "Kama mkono wako ulitafuta nywele hizi, uanguke wewe na uzao wako. Kama umesingiziwa, na katika nyumba iliyokushtaki yumo anayejua ukweli akaumeza, kiapo kimgeukie aliye mdogo kuliko wote katika nyumba hiyo."

Ndani mtoto alikuwa amenyamaza kuvuta pumzi. Mama aliinua kata mpaka kidevuni.

"Asinywe!"

Yule mume alikuja kutoka zizini akijikwaa kwenye vigoda vya wazee. Aliushika mkono wa mama, mbege ikamwagikia vidole vyao wote wawili.

"Mama mdogo, usinywe. Niliuza mimi. Baba, kitana niliuza mimi."

"Unasema nini wewe?"

"Mwanangu ndiye mdogo humu ndani. Asinywe, baba. Nilimuuzia Mwalimu, hela nikanywea."

Baba mkubwa hakusimama. Alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, na mimi ndiye niliyeona haya zaidi, kwa maana yule mlevi alikuwa ametaja jina lake mwenyewe na mimi nilikuwa bado nina mdomo wazi. Mantiki haikuokoa mtu siku ile. Aliyeokoa ni yule aliyekiogopa kile kiapo.

Mama alimrudishia mzee kata. "Mwageni mahali ambapo kuku hawafiki," alisema. Kisha akaugeukia mlango wa nyumba. "Na mgonjwa mpelekeni hospitali. Au mnataka kwanza mmalize kutazama mkebe?"

Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba kuna mgonjwa. Mzazi alitolewa nje kabla ya miezi yake mitatu kwisha, amefunikwa gubigubi, akabebwa kwa blanketi na miti miwili mpaka barabarani, na lori la kahawa likamshusha Moshi. Mama mkubwa alifuata na mtoto mgongoni na kitana mkononi, amekifunga kwenye jani. Daktari alipasua jipu la titi, akasema wangechelewa siku mbili zaidi asingeahidi kitu. Nami, msomi wa ukoo, nilikuwa nimesikia kilio kile siku nne mfululizo, na neno hospitali halikunipitia kichwani. Nilikuwa nashughulikia ukungu kwenye meno ya Mgiriki.

Siku ya tatu, alasiri, baba mkubwa alikuja kwetu peke yake ameshika jani la isale. Kwetu mtu akikujia na isale, utake usitake, unasamehe. Mama alilipokea, akalichomeka ukutani, akampa kigoda na bakuli la mtori. Alikula lote. Hakuna aliyezungumzia kipande cha chini, na hakikuzungumziwa tena mpaka yeye mwenyewe alipozikwa.

Alipokwisha kuondoka, mama alikaa kumenya ndizi za jioni. Nilikaa karibu yake. Alimenya tatu au nne.

"Ulimjua aliyekuuzia," alisema.

"Nilimjua."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu sokoni, mama. Alinibana pale mfongoni nikamwahidi sitamtaja. Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

Alitupa ndizi kwenye sufuria. "Niliona. Kitana kilipopinduliwa ulitazama chini. Tangu utotoni ukiwa na neno unatazama chini."

Nikajikuta natazama maganda miguuni.

"Mimi magoti hayaniumi," mama alisema. "Yale majani hayakuwa mengi hivyo kwenye nguo. Nilikuwa nasimama polepole ili uwahi."

Nikachukua kisu kingine, nikaanza kumenya.